Sungura wa wali ameota manyoya

Jamani, nimenawa kwa sabuni, nikarudia na ndimu, na harufu bado iko palepale mikononi.

Mama mkwe kafika jana kutoka Kwamsisi. Leo asubuhi kakunja pua: "Mama Salma, chumbani kwa mtoto kuna panya kafa."

Aibu niliyoisikia! Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda.

Nikashika kitu laini. Kina manyoya. Halafu KINATELEZA.

Yowe nililopiga, Manundu nzima wamelisikia.

Kuvuta, kumbe ni kontena la chakula la Salma, lile aliloniambia limepotea shuleni, halina hata kifuniko. Ndani yumo sungura wangu wa wali! Wale wa kumfinyangia mtoto chakula cha shule, wa kwenye video za Wajapani, masikio ya karoti, macho ya pilipili manga. Kawa kijani, ute unavutika, na funza wanamtoka machoni.

Kinyaa jamani!

Salma wangu wa miaka minne kaja mbio analia: "Mama, usimbonyeze! Nilimficha asiliwe. Ona, ameota manyoya!"

Mama mkwe kaenda kutapika uani.

Hivi nyie mnaopika vyakula vyenye sura, watoto wenu wanavila kweli?

Kesho Salma anabeba wali maharage. Usio na macho.