Leseni ya Jirani Yetu wa Kwihara

Jamani, mwenzangu, mpaka sasa sijatulia. Juzi nilikwenda Kwihara na leseni yangu mpya mkobani, leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kupenda tu. Jirani aliyeniambukiza ugonjwa huu alishafariki, nikaona angalau nimwonyeshe mjane wake. Nilirudi Tabora mjini na habari nisiyoitegemea.

Jirani huyo alikuwa fundi mstaafu wa simu za reli. Waya wa redio yake ulitoka kwenye paa lake ukavuka hadi uani kwetu, na bibi yangu, ambaye hakuona kwa nini waya mrefu vile ukae bure, akawa anaanikia kanga zake. Jirani alizitoa moja moja, akazikunja, akazileta. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea maziwa jioni. Nikifika, nyumba inanukia michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyopikwa na karanga, redio inakoroma, inapiga miluzi, halafu ghafla mtu anaongea! Yuko Bujumbura, yuko Komoro, kwingine hata sikujui. Nilikaa chini natafuna michembe, masikio yote redioni.

"Wewe sikiliza," aliniambia. "Maiki usiiguse. Akiongea asiye na leseni nami sipo, leseni yangu imekwenda."

Nilimwelewa. Siwezi kusema sikujua. Lakini siku moja alitoka kutia udhu, na sauti ya mzee mwingine ikaita redioni, ikaita tena. Kwa bibi yangu, kumnyamazia mkubwa lilikuwa kosa la kuchapwa. Nikaishika maiki, nikabonyeza.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu," redio ikajibu.

Loo! Nilipiga yowe nikaiangusha. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika mikononi. Nilingoja kofi, akasema tu, "Nenda nyumbani, binti yangu." Kesho yake nikaikuta redio imefunikwa kitambaa. Aliniambia imeharibika, na miaka yote hii nikaamini.

Haikuharibika! Mjane wake alinieleza huku anachambua karanga, kama jambo la kawaida. Siku ileile mumewe aliandika barua, akairudisha leseni mwenyewe. "Nikamwuliza, nani atajua? Akasema, mimi najua. Na mtoto asiambiwe, asije akaiogopa redio."

Niliona aibu. Nilimkasirikia pia, mzee gani mgumu vile! Waya siku hizi haupo, paa ni bati jipya, na wajukuu wake wanaongea na dunia nzima kwa simu bila hata kushtuka. Nani atawaeleza ilivyokuwa kusikia mtu wa Komoro anakohoa chumbani Kwihara?

"Kwa hiyo, bibi, hakuwasikia tena rafiki zake?" nilimwuliza mjane.

"Aliwasikia. Ukishaondoka alikuwa anaifunua. Wakawa wanamwita kila jioni, wanaulizana kama amekufa. Yeye amekaa tu, maiki iko mbele yake. Mwezi mzima hivyo. Halafu wakaacha kumwita."