Udongo Uliojaza Ndiva

Nakumbuka siku niliyomjibu vibaya Mzee Senzia, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka naona aibu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Nyinyi hamkuijua dhiki iliyoitangulia: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na saruji huipati mpaka uwe na kibali na mtu wa kukisukuma hicho kibali. Kisha milango ikafunguliwa. Nikaanza kuuza mitumba pale sokoni Same, Mungu akanijalia. Maduka yakajaa saruji na mabati, na mimi niliyekulia kwenye nyumba inayovuja nikasema, nami nijenge. Nikapandisha saruji kwa lori hadi kijijini kwetu huku juu Upareni, nikachagua kiwanja mteremkoni, juu kabisa ya ndiva. Kwa nini pale? Ili kila anayekuja kufungulia maji aione nyumba yangu. Nilikuwa na maringo, sikufichi.

Ndiva, kama hujapata kuiona, ni bwawa walilochimba mababu zetu. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku, asubuhi hufunguliwa yashuke mferejini, na kila familia ina zamu yake. Mzee Senzia ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu hizo. Alikuja kiwanjani siku ya pili ya kuchimba, tumeshaukata mteremko na udongo wote tumeumwaga upande wa chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Ukuta wa mawe uko wapi?"

Kwetu, mwanangu, mtu hakati mteremko kabla hajapanga mawe ya kushika udongo upande wa chini. Hata shamba la mihogo hupangiwa mawe. Nami nilijua, maana nililelewa humo humo. Lakini mawe yangenichukua wiki tatu, na nilitaka niwe nimeezeka kabla ya Krismasi. Nikamwambia, "Baba, siku hizi ni ruksa. Kiwanja ni changu."

Akasema, "Kiwanja ni chako, ila mteremko ni wetu sote. Na vuli iko mlangoni." Akaondoka zake.

Mchimbaji wangu aliitwa Saidi, mtu wa Pangani, aliyekuwa mkata mkonge huko tambarare kabla shamba halijapunguza watu. Naye akaegemea jembe lake, akasema, "Mama, mzee kasema kweli. Kwetu, mvua ikinyesha huku milimani, mto unaingia baharini umekuwa mwekundu. Matope yanafunika miamba, samaki wanakimbia, wavuvi wanakunja nyavu. Tulikuwa tunajiuliza, udongo huu unatoka kwa nani?"

Nikacheka! Nikamwambia, "Unatoka kwangu, Saidi, kawasalimie. Chimba." Loo, ujana! Sikio la kufa halisikii dawa.

Mvua ilikuja siku mbili baadaye, alasiri, ikapiga kwa saa moja hivi. Rundo lote likang'oka. Nililiona kwa macho yangu likiporomoka, na nilichofanya ni kumshukuru Mungu kwamba msingi wangu umesalimika. Asubuhi nikasikia mayowe huko chini. Ndiva imejaa tope hadi juu, na tundu la kutolea maji limeziba kabisa.

Na mvua ile haikurudi. Vuli ya mwaka ule ilipiga mara moja ikakata. Aliyeyategemea maji ya ndiva kuliko wote alikuwa mama yangu mdogo, Nakijwa, mjane, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Shamba lake lilikuwa mwisho wa mfereji, kwenye changarawe, mahali ambapo mvua ya siku moja inakauka siku ya tatu. Maharage yake ndiyo kwanza yalikuwa yametoa maua, na maua ya maharage hayamngoji mtu.

Baragumu likapigwa, msaragambo ukaitishwa: kazi ya kijiji kizima, kila nyumba itoe mtu. Nilitegemea kutozwa mbuzi, na nilishamtafuta kabisa. Mzee Senzia akamkataa.

"Mbuzi ataliwa leo, kesho umesahau," alisema. "Watu watazibua ndiva. Wewe utaurudisha udongo wako ulikoutoa, kwa kichwa chako."

Nikapandisha karai baada ya karai, mimi bibi wa saruji, watu wakinitazama. Siku ya kwanza nililia kwa hasira. Siku ya tatu nikageuka, nikamwona mama mdogo nyuma yangu anapanda na karai kichwani.

"Mama, acha," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeharibikiwa."

"Wewe si mwanangu? Nikae nikutazame tu?" Akanipita. Saidi naye alikuwa juu anapanga mawe, hakunisimanga hata kwa neno moja, na hilo nalo liliniuma.

Tulimaliza baada ya wiki mbili. Maua yalishapukutika. Mama mdogo hakuvuna hata kibaba. Msimu ule wote alikula kwangu, na kila nilipomwekea sahani alisema, "Asante, mwanangu," kwa moyo mweupe kabisa. Nilitamani anitukane. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, na wa kwangu ndiye aliyekula.

Basi wewe unayetaka kujenga, uwe huku mlimani au huko Tanga karibu na bahari, nisikilize. Panga mawe kwanza, ndipo ukate. Usichimbe mvua ikiwa karibu. Udongo uliouchimba uweke mbali na njia ya maji, uufunike kwa turubai au hata kwa majani, na chini yake uchimbe mtaro wa kunasa tope. Usifyeke kiwanja chote kama mtu anayenyoa kichwa. Acha ukanda wa majani upande wa chini, na pasipo na majani panda mabingobingo. Fundi atalalamika kwamba unampotezea muda. Mpotezee!

Na kabla ya yote hayo, shuka kwa miguu ufuate maji yanakokwenda, mpaka umkute mtu anayeyanywa, au anayelima kwayo, au anayevua ndani yake. Mwamkie, umjue jina. Mimi ningeshuka siku ile ningemkuta mama mdogo ameinama katikati ya maharage yake, na wallahi ningepanga mawe.

Mungu akujalie nyumba isiyomliza mtu, mwanangu, na anayekaa chini yako mteremkoni akuombee heri kila anapochota maji. Amina.