Mlio wa Stoo ya Dawa

Stoo ya dawa ya hospitali ile ilikuwa na meza moja, majokofu mawili na mzee mmoja waliyemwita Kalenda. Jina alilipata enzi za daftari, alipoweza kukwambia bila kufunua ukurasa kwamba dawa fulani itaharibika mwezi gani. Ilipoletwa kompyuta aliipokea kwa mikono miwili, maana macho yalikwisha kuanza kumtupa mkono.

Mwaka elfu mbili ulipoingia, watu walingoja dunia isimame. Haikusimama. Ila kompyuta ya stoo, iliyozoea kuandikiwa mwaka kwa tarakimu mbili tu, ikaanza kuweweseka. Dawa ya kuharibika mwaka 03 kompyuta ilidai iliharibika 1903, kabla hata baba yake Kalenda hajazaliwa. Kila dawa ikawa ni maandishi mekundu na mlio: muda umepita. Fundi akaja, akakuna kichwa.

"Kwa sasa, mzee, ikipiga kelele bonyeza Endelea. Inaropoka tu hiyo. Nitarudi."

Hakurudi. Kalenda akabonyeza miaka miwili na ushee, huku akitania, "Mwenzangu huyu kazeeka kuliko mimi." Wauguzi wakacheka. Mazoea yana taabu. Kwa kuwa mashine ilizisingizia dawa zote, yeye akaziona zote nzima, na masanduku akaacha kuyasoma. Hapo simtetei. Miwani ilikuwa mfukoni mwake siku zote.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, bintiye wa pekee alijifungua mtoto wa kike. Kalenda alikuwa bado anawatangazia wapita njia aliposhtukia muuguzi wa wodi ya wazazi yuko mlangoni, anahema.

"Kalenda, sindano za kuzuia damu! Za wodini zimeisha. Ni mwanao."

Mkono ukaenda wenyewe. Mlio. Endelea. Kwenye jokofu kulikuwa na sanduku lililokwisha kufunguliwa. Akachota vichupa vitatu, muuguzi akatoka mbio.

Baada ya robo saa simu ikalia. "Tumempa zote tatu, mzee. Damu haisikii dawa."

Akalichukua lile sanduku, akalipeleka dirishani, akavaa miwani. Mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili. Lilikuwa limesukumwa nyuma na masanduku mapya, na siku lilipojitokeza mbele hakuna aliyeliuliza umri. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila mguu wenyewe ulikuwa wa mwanawe.

Akapekua jokofu la pili, akapata sanduku jingine, akalisoma tarehe mara tatu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akakimbia, yeye wa miaka hamsini na minane, akagonga toroli la shuka na wala hakugeuka kuomba radhi. Mlangoni mwa wodi wakampokonya dawa, wakamwacha nje. Alisimama akiusikiliza mlango. Aliogopa, tena sana, na hakujali nani anamwona.

Hatimaye muuguzi akatoka. "Baba, damu imekata. Mwanao kaniomba maji."

Kalenda akalia kwa sauti pale pale ukumbini, wakamcheka kwa upendo: babu mzima!

Aliporudi stoo, lile sanduku la zamani lilikuwa bado dirishani. Lilikuwa la vichupa hamsini. Akahesabu vilivyobaki: kumi na kimoja. Vitatu vya bintiye. Akaketi mbele ya kompyuta, akatafuta vile thelathini na sita vilikokwenda. Haikuandika majina, ila siku na wodi tu. Jumanne iliyopita: wodi ya wazazi, vinne.

Jumanne ile aliikumbuka. Alimkuta kijana mmoja getini, kabeba kichanga peke yake, na mfuko wa nguo za mkewe begani. Kalenda alimshika mkono, akampa pole, akamwambia ni kazi ya Mungu.