Ngozi ya Kompyuta

Mwaka huo ni ule tulikula muthokoi bila kitu cha kuchanganya. Mbaazi zilitoa maua, jua likazikausha zikiwa maua, na kunde za ghalani zikaisha kabla ya Pasaka. Tukawa tunatwanga mahindi, tunatoa maganda, tunachemsha na chumvi, basi. Huku kwetu karibu na Mutomo ukitaja ule mwaka wa muthokoi mtupu, hakuna mtu atakuuliza ni upi. Ndio mwaka mtoto wangu aliniletea mzoga.

Namwita mtoto lakini ana mvi. Ndiye kifungua mimba wangu. Anakaa Kasikeu, upande wa Makueni, na mke wake wa pili, wana duka la mbolea na kijana mmoja anayesoma shule ya kulipia. Mke wa kwanza alienda zake akaniachia msichana mwenye meno mawili. Huyo msichana nimemlea mimi, ananiita susu, yaani nyanya, na ana jina langu. Kwetu Ukambani binti wa kwanza wa kijana wako huchukua jina lako, na baba yake hamwiti kwa hilo jina. Anamwita mwaitu, yaani mama yangu. Kwa hivyo mtoto wangu akisimama kwa uwanja aite "Mwaitu!" tulikuwa tunaitika wawili, mimi kutoka jikoni na yule mdogo na kamasi zake, halafu tunacheka. Hiyo ndiyo mali peke yake aliyompa huyo mtoto. Heshima ya mdomo.

Msichana alipita mtihani akaingia chuo Kitui mjini, mambo ya maabara. Alipofika mwaka wa mwisho wakaambiwa kila mtu awe na laptop. Kazi ya kalamu haisomwi, na mwaka huo kuna mradi wa kuandika, usipoupeleka, humalizi. Baba yake akasikia. Akaja na kitu ndani ya gunia la mbolea, akampa binti yake.

"Mwaitu, hii ni yako. Ilikuwa ya mtu wa ofisi. Ni ya kuangaliwa tu kidogo."

Kuangaliwa kidogo! Mfuniko ulikuwa umefungwa na blada, ile mipira inayokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, kwa sababu bawaba zilikuwa zimevunjika. Betri ilikuwa imekufa, ukigusa waya tu inazima. Ukiiwasha unaweza kusonga ugali, ule, uoshe sufuria, urudi ukute kile kiduara bado kinazunguka. Lakini nilishukuru. Nilipiga magoti nikaomba Mungu abariki mkono wake. Halafu nikaishonea kitambaa cha kroshia, cheupe, chenye maua pembeni, kama cha redio na cha viti. Kwa nyumba yangu hakuna kitu kinakaa uchi.

Siku moja, mjukuu akiandika na kitambaa kikiwa kimeachwa kuning'inia pande zote, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima, ikakataa kuwaka. Mjukuu akalia. Nikampigia baba yake.

"Mwaitu, mwaka ni mgumu. We unajua."

Mgumu. Na juzi jirani alikuwa amenionyesha kwa simu yake yule kijana wa Kasikeu akiogelea kwenye bwawa la hoteli. Nikakata simu, nikauza mbuzi aliyekuwa na mimba. Mbuzi mwenye mimba, mwaka wa muthokoi mtupu. Anayefuga ameelewa nimesema nini.

Kitui mjini kuna fundi nyuma ya soko, Mwislamu, babu zake walitoka pwani na biashara wakabaki. Alifungua ile mashine, akapuliza, vumbi jekundu likaruka pamoja na nyuzi nyeupe.

"Mama, hii imepikwa."

"Imepikwa na nani?"

"Na kitambaa. Hapa chini na hapa ubavuni ndipo inapumulia. Mmeiziba pua."

"Hata redio yangu inavaa."

"Redio yako haichemki, mama. Hii usiivalishe, hata wageni wakija."

"Wageni waikute uchi?"

"Waikute uchi, lakini iwe hai."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi sikucheka. Kitambaa kile kilinichukua mwezi mzima.

Aliniambia diski ya ndani ni ya zamani, ya kuzunguka, na ndiyo inakawiza kila kitu. Aitoe, aweke ile wanaita SSD, haizunguki. Ram iongezwe pia. "Ni kama meza ya jikoni, mama. Ikiwa ndogo, kila saa unatoa kitu ndio uweke kingine." Hiyo nilielewa. Mbuzi alitosha diski na betri. Ram na bawaba zikangoja nisuke viondo, vile vikapu vyetu. Nilisokota mkonge juu ya paja mpaka ngozi ikatoka, na kila kiondo nilichouza nilijua kinaenda kununua kipande cha chuma nisichokijua jina.

Mjukuu alikuwa amekaa karibu na fundi akiangalia, kwa hivyo ram na bawaba alizifunga mwenyewe, kwa meza yangu. Skrubu zenyewe ni ndogo kama mbegu za terere. Ya kwanza ilianguka tukaitafuta na ufagio. Nikaleta kipande cha sabuni ya mche, nikamwambia kila skrubu aichomeke kwenye sabuni pahali pale pale ilipotoka, ya juu juu, ya kushoto kushoto. Akapaka ile dawa nyeupe, nzito, inayokaa kati ya chuma na kile kinachochemka. Akarudisha skrubu moja moja kutoka kwa sabuni, hakuna iliyobaki. Akawasha. Sikuwa nimemaliza kuketi na ilikuwa imefunguka.

"Susu, umeona?"

Niliona. Nilitoka nje nikaangalia mlima, nisionekane uso.

Krismasi baba yake akaja, na mkewe na yule kijana. Nikachinja kuku. Mtoto wangu ni mzee wa kanisa huko Kasikeu. Aliomba ombi refu mpaka supu ikapoa, akawataja yatima na wajane wote. Tulipomaliza kula, yule kijana akafungua laptop ya dadake. Baba yake akasimama nyuma yake. Akaizima, akaiwasha. Akaizima tena.

"Kumbe hii kitu ilikuwa nzuri hivi?"

"Si nilikuambia," mkewe akasema. "Na mtoto wako anaazima ya watu shuleni."

Akamgeukia binti yake. "Mwaitu, ndugu yako anafanya somo la kompyuta. Wacha niende na hii. Wewe nitakuletea ingine."

"Baba, mradi wangu uko humo. Naupeleka Machi."

"Utaandikia saiba, kwa zile kompyuta za kulipia."

Mjukuu akainama. Akaanza kukunja waya wa chaji, polepole, vizuri, vile mtu anakunja nguo za maiti kabla ya kuzigawa. Hapo ndipo damu ilinipanda.

"Wacha huo waya," nikasema.

"Mwaitu, usiingilie." Sasa alikuwa anasema na mimi. "Hii ni kama mbuzi. Nikikuwekea mbuzi, maziwa unakunywa, lakini mbuzi ni wangu na watoto wake ni wangu. Si wewe ulinifundisha?"

Ni mimi nilimfundisha. Lakini alishika nusu. Mbuzi wa mtu akifia kwako, hufichi. Unamchuna, unamkausha ngozi, unampelekea mwenyewe aione, ajue alikufa, hukumuuza. Akiipokea, yamekwisha kati yenu.

Nikaingia ndani nikatoa lile gunia lake la mbolea. Fundi alikuwa amenirudishia vipande vyote, na mjukuu akaongezea vyake. Nikavimwaga mapajani mwa mtoto wangu, mbele ya mkewe: diski, betri iliyovimba kama tumbo la punda mfu, bawaba zilizokatika, na blada.

"Mbuzi wako alikufa. Ngozi ndiyo hiyo. Huyu unayemwona nilimzaa mimi."

"Lakini kioo ni changu. Hata hizo herufi za kubonyeza ni zangu."

"Haitoki hapa. Nikiwa hai, haitoki hapa."

Mkewe akacheka kwa pua. "Na yeye hata kuiwasha hajui."

"Sijui. Wewe umejua kutafuna kuku wangu, inatosha."

Waliondoka jua likiwa bado juu. Vile vyuma alivipukusa kutoka suruali yake, vikabaki kwa mchanga. Kwetu, mtu akikataa ngozi, anasema wewe ni mwizi. Ndivyo alivyoniambia kwa uwanja wangu, mtoto niliyemnyonyesha, na majirani wakiwa wamesimama kwa ua.

Tangu siku hiyo hanipigii. Kwa mjukuu alipiga mara moja, Februari, kuuliza cheti cha kuzaliwa kiko wapi. Na akamwita kwa jina. Jina langu, kavu, kama karani anavyoita watu kwa foleni. Mjukuu aliweka simu chini akabaki ameiangalia. Miaka yote hiyo baba yake hajawahi kumwita hivyo.

Asubuhi yake alikuja jikoni na laptop imefungwa kwa leso, na waya juu yake. Mradi ulikuwa umebaki sura ya mwisho.

"Susu, tumpelekee tu."

"Na chuo?"

"Nitarudia mwaka. Nataka aniite mwaitu."

Macho yake yalikuwa yamevimba. Mimi pia nilikuwa na masikio yanayongoja neno hilo; mimi pia ni mwaitu, na kwangu pia simu ilikuwa imenyamaza. Niligeuza kuni, moshi ukanipata vizuri, nikamwambia mtoto wa watu, mwenye jina langu:

"Haitoki hapa. Nikiwa hai, haitoki hapa."