Siku Tisa Nikimwombea Mwizi Wangu Asife

Niliwahi kumwombea mwizi siku tisa mfululizo. Nilifunga, nikalia, nikamwahidi Mungu kwamba nitaacha pombe.

Si kwamba nilimpenda. Mimi ndiye niliyekuwa nimempasua kichwa, na akifa, nimekwisha.

Naitwa Fidel, mtu wa Kisumu. Mwaka 1999 nilikuwa fundi wa magari kwenye gereji moja pale Ghubra, Muscat, nchini Oman. Tulikuwa Wakenya wanne katika nyumba moja, na mtungi wetu wa gesi ulikaa nje ukutani, kama wa majirani wote.

Tulikuwa tumeshaibiwa mitungi miwili. Nikaapa wa tatu hauendi.

Siku moja saa nane mchana, maduka yote yamefungwa, watu wamelala, wenzangu watatu wametoka. Natoka kuanika ovaroli, namwona kijana wa dishdasha ya kijivu, ile kanzu ya Kiomani, mtungi begani, anaelekea getini bila haraka yoyote.

Nikachukua spana ya magurudumu.

Sasa unielewe. Kwetu ukipiga kelele ya mwizi, wewe unarusha kofi moja tu, umati unamalizia. Kesho yake redio inatangaza kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira. Hakuna anayeulizwa jina. Mnarudi kazini, jioni mnasimuliana.

Basi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Mwizi, ua, choma! Nikamchapa spana ya bega, nikangoja wananchi.

Wananchi hawakuja. Dirisha moja lilifunguliwa, likafungwa haraka kwa sababu ya joto.

Yule kijana akauweka mtungi chini, akakaa, akainua mikono.

"Basi, ndugu yangu," akasema. "Nshauweka."

Kwa Kiswahili. Kizuri, cha Unguja. Nilishangaa, lakini mkono ulikuwa umeshatangulia. Nikampiga mbili za kichwa, akalala.

Mtu pekee aliyetoka alikuwa jirani yetu Bi Shaikha, mama wa makamo ambaye familia yake ilirudi Oman kutoka Zanzibar. Nikafurahi, nikajua nimepata wa kunisaidia kumshika.

"Keshaweka mtungi, mwanangu," akasema polepole. "Sasa ulikuwa unampigia nini?"

Niliona ni swali la ajabu. Nilimpigia wizi, au?

Gari la wagonjwa likamchukua. Polisi walipofika nilikuwa nimeshanawa uso, tayari kwa pongezi. Nikafungua mlango wa mbele wa gari lao, shahidi mkuu. Wakanionyesha wa nyuma.

Ofisa aliyeandika maelezo yangu aliitwa Marhoon, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akaniuliza wenzangu wako wapi. Nikamweleza kwa heshima kwamba haya ni mambo ya wananchi wenye hasira.

Akashika kalamu. "Nitajie majina yao."

Jina lilikuwa moja. Siku hiyo wananchi wote wenye hasira wa Muscat nilikuwa mimi.

"Lile pigo la mwanzo nnalifahamu," Marhoon akasema. "Mtu anaondoka na mali yako, umemzuia. Lakini haya mawili umempiga mtu aliyekaa. Akifa ni kesi ya kuua, na roho yako itakuwa mikononi mwa wazee wake, wakitaka uuawe, wakitaka wakusamehe."

Hapo ndipo nikaanza kuomba.

Kijana aliitwa Salem. Alilala hospitali bila fahamu, na mimi nikalala mahabusu bila usingizi. Nilimjali kuliko mtu yeyote duniani. Kila asubuhi nilimuuliza askari wa zamu kama Salem amefumbua macho, mpaka wakaanza kuniita mama yake.

Rafiki yangu Otieno, mmoja wa wale wanne wa nyumba yetu, ambaye siku ya kwanza alilalamika kwamba nilipiga kizembe, sasa alikuwa anapeleka supu ya kuku hospitali. Mgonjwa hawezi kumeza, yeye anapeleka tu. Akaniambia pia kwamba ule mtungi ulikuwa mtupu. Alisahau kuubadilisha.

Siku ya tisa Otieno akaja mbio. Salem ameamka.

Nililia kama mtoto. Mahabusu wote wakanipa mkono, mmoja akaniuliza kama ni mvulana au msichana.

Mahakamani Bi Shaikha akaitwa. Nilimtolea macho ya huruma, jirani yangu, Mswahili mwenzangu. Akaeleza kila kitu kama kilivyokuwa. Mtungi chini, mikono juu, mapigo mawili, na maneno yangu yote ya ua na choma.

Nilimchukia mpaka nilipojua kwamba kwa siku tatu alikuwa anakwenda kwa mama yake Salem kuniombea msamaha. Mama akasimama mbele ya hakimu, akasema kwa niaba ya mwanawe amesamehe.

Hakimu akasema haki ya familia imesamehewa, ya serikali bado. Salem akapewa miezi mitatu kwa wizi. Mimi mwaka mmoja, kisha nirudishwe kwetu.

Mwenye mtungi mwaka, mwizi miezi mitatu. Nikacheka kwa uchungu, lakini nikajifariji kwamba angalau yule mtu kanisamehe. Niliwasimulia wafungwa wote jinsi alivyonisamehe.

Mwezi wangu wa pili gerezani, chumba cha kulia, mtu akakaa mbele yangu. Salem. Mkono wa kulia umelala mapajani, haunyanyuki. Mdomo umepinda kidogo.

Nikamshukuru kwa msamaha wake. Nilikuwa nimeiandaa hotuba kabisa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Maneno yake yalitoka moja moja.

"Mimi sijakusamehe. Kasamehe mama. Siku ile mie nlikuwa siwezi kusema."



Akasukuma pakiti yake ya maziwa mbele yangu, kwa sababu kwa mkono mmoja haifunguki. Nikamfungulia. Nilimfungulia kila siku mpaka alipotoka. Hakuwahi kusema asante, na sikuwa na uso wa kuingoja.

Wewe unayesoma hapa, ukimkamata mwizi mkamate, mfunge kamba, piga simu. Akishaweka kitu chini, wizi umeisha. Pigo linalofuata halina umati wala redio. Ni lako, na wewe ndiye utakayekaa naye meza moja.