Tusi Nililomnyima Mtani Wangu

Amekufa yule bwana aliyekuwa akichuja waombaji wa chuo cha biashara hapa Palma. Mnasubiri niandike kwamba pengo lake halitazibika. Limeshazibika, kiti kina mtu mwingine, naye ana fomu zilezile. Mimi darasa la tatu sikulimaliza. Nilianza na chumvi kichwani kutoka Olumbi, leo nina maduka mawili ya mabati, na hakuna aliyewahi kuniuliza nguvu zangu ni zipi na udhaifu wangu ni upi. Marehemu aliishi kwa kuuliza hayo mawili. Miwani puani, kalamu mkononi, mtu mzima amekalishwa mbele yake, naye anajaza: kushoto nguvu, kulia udhaifu.

Kwetu mtu hajisifu mbele za watu. Muulize mama wa makamo ana uzuri gani, atatazama chini. Kwa hiyo marehemu akaweka sharti kila mwombaji aje na mtu wa kumsemea. Mama mmoja wa Quitunda, muuza unga wa muhogo, akanichukua mimi. Bila cheti cha chuo kile huingizi unga kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi, na shamba alilopewa baada ya kuhamishwa kupisha mradi huo wa gesi ni la mawe. Yeye Mmakonde, mimi mtu wa pwani. Ni watani tangu mababu. Marehemu naye Mmakonde, tena mzaliwa wa kule juu uwandani, basi nikaona tumekaa wanaojuana.

"Mzee, unamfahamu huyu mama tangu lini?"

"Tangu anatambaa. Akili yake mpaka leo inatambaa."

Mama akapasuka kicheko.

"Na udhaifu wake?"

"Mvivu, jua linamkuta kitandani. Tena mwizi. Ukikaa naye shika kofia yako."

"Kofia gani, hiyo uliyomvua maiti?" mama akanirudishia, anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Marehemu hakucheka. Aliandika, akanisogezea karatasi. "Saini hapa, mzee." Nikasaini, nikidhani naye ananichezea. Majina yalipobandikwa mlangoni, la mama halimo. Nikamfuata ofisini: "Wewe mtoto wa Kimakonde, utani huujui?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mzee, fomu haina sehemu ya utani. Shahidi wake mwenyewe amesaini kwamba ni mvivu na mwizi." Waliopita ni vijana waliowakaririsha mashahidi wao, kutoka kwenye simu, kwamba udhaifu wa kijana wao ni kupenda kazi kupita kiasi. Mmoja alikuja kwangu kuomba kibarua. Msumari wa bati na wa mbao hakuweza kuutofautisha.

Sasa msiba. Asiyejua mila zetu ajue kwamba mtani ndiye anayeruhusiwa kumcheka maiti. Anavaa nguo zake, anaiga kikohozi chake, anataja aibu zake mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Ndivyo tunavyosema kwamba huyu alikuwa wetu. Mama wa marehemu, kikongwe, alinisubiri mkekani. Alikuwa ameniwekea miwani ya mwanawe na faili lake. "Vaa, mtani," akasema. "Wahoji hawa. Mwanangu alikuwa na majivuno, mseme." Watu wakajisogeza, wengine wameshaanza kutabasamu.

Sikuivaa. Nilisimama nikasema kwa sauti ya ofisi: "Marehemu alikuwa mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma na kufuata utaratibu." Nikakaa.

"Hata tusi moja, mtani?"

"Sina, mama."

Akaikunja ile miwani, akaiweka pajani, ndipo akalia, yeye ambaye tangu asubuhi hakuwa amelia. Nilijua ninachokifanya. Kumsifu mtani mbele ya jeneza lake ni kumwambia mama yake kwamba hatumjui.

Mama wa Quitunda alikuwepo, akiwachotea wapishi maji. Akanifuata mpaka njiani. Nilitegemea shukrani.

"Mzee, mimi ulinitukana nikakosa chuo. Huyu bibi amekukosea nini?"

"Nimekulipizia."

"Sikukutuma. Na ile saini ilikuwa yako."

Nyie mnaokaa nyuma ya meza kupima watu, shikeni hili: mtu ambaye hamjawahi kucheka naye hata siku moja, msiandike udhaifu wake. Marehemu alikuwa amesahau kwao. Mimi sikusahau kitu, na mkono wangu ndio uliotia saini, na mdomo wangu ndio uliomnyima kikongwe haki yake. Fomu yangu mtaijaza wenyewe. Siku hizi kila asubuhi nikipita kwenye meza yake ya unga namtukana yule mama: mvivu, mwizi, kichwa kama kinu. Namtukana kwa bidii, na wapita njia wanacheka. Yeye anafuta mikono, anainama kidogo, na kunijibu: "Shikamoo, mzee."