Zulia la Bwana Tumepokea

Shemeji yangu ni mtu mpole, kila mtu atakwambia hivyo. Ukiuliza upole wenyewe ukoje, utaambiwa hagombi, hapayuki, hana adui. Mdogo wangu ndiye mkewe, kwa hiyo namjua vizuri kuliko hao wanaomsifu. Hana adui kwa sababu hajawahi kusimama mahali mtu akamwona.

Kazi yake ni kukaa dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji. Watu wanafika pale ndoo tupu na hasira zimejaa. Yeye anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Tumelipokea. Tutalifanyia kazi." Mtu anaondoka ameridhika, akifika nyumbani anafungua bomba, linakohoa. Mimi mwenyewe nilishampelekea shida ya bomba langu. Nilitoka pale nimetulia kama mtoto aliyenyonya, mpaka nilipofika njia panda ndipo nikagundua sikuambiwa kitu. Mtaani wakampa jina la Bwana Tumepokea. Analipenda. Anadhani ni sifa.

Ubaya ni kwamba lile dirisha anarudi nalo nyumbani.

Mdogo wangu, Mama Pacha, anashona sare za shule. Cherehani yake ilikuwa imebanwa chumbani, kati ya kitanda na kabati, kwa sababu sebule ilikuwa ya mama mkwe. Huyo mama alipofiwa na mumewe akahamia kwao na makochi yake, mapazia yake na zulia lake jekundu lenye picha ya tausi. Alivipanga siku hiyo hiyo, hata chai hajanywa. Mdogo wangu akamtazama mumewe, mumewe akatazama dari. Tangu hapo Mama Pacha akitaka kusogeza hata kijimeza, jibu lilikuwa moja: "Ngoja kwanza, nitaongea na mama." Hajaongea naye mpaka kesho.

Basi tausi akachakaa. Ulianza mkia, ukafuata mwili, mwisho pakabaki tundu. Pacha mmoja akajikwaa hapo akang'oa ukucha, ndipo hata Bwana Tumepokea akakubali kwamba zulia jipya linahitajika. Mdogo wangu akanifuata jikoni kwangu.

"Dada, sitaki ugomvi na mama. Nataka Baba Pacha aseme mbele yake neno moja tu, kwamba zulia anachagua mkewe. Basi. Hata nikichagua baya, lakini awe amesema."

"Na likimshinda?"

"Litamshinda vipi, si ana ulimi?"

"Ulimi hata kiatu kinao," nikamwambia.

Alicheka, lakini mkono ulikuwa unakunja na kukunjua kona ya aproni. Nikajua hili si la zulia. Amekaa kwenye nyumba ile kama mgeni aliyesahauliwa kuagwa, na sasa alitaka kujua kama ameolewa au amepanga.

Tulikwenda dukani wanne, mume, mke, mama mkwe na mimi. Mimi nilijialika.

Mazulia yalikuwa yamesimamishwa ukutani, yameviringishwa, kama watu kwenye foleni. Muuzaji, jibaba lenye utepe wa kupimia shingoni, akawa anatutandikia moja juu ya jingine. Mama mkwe akakanyaga la rangi ya maruni, maua yake makubwa kama sahani.

"Hili ndilo zulia," akasema. "Linaenda ukuta hadi ukuta, linaingia chini ya makochi yote. Mtu hakanyagi sakafu kama yuko kituo cha polisi."

Mdogo wangu akachuchumaa kwenye la kijani kilichokolea, dogo, la kukaa katikati chini ya meza. Akalipitishia kiganja kwenda na kurudi.

"Mimi nimependa hili," akasema, akainua macho kwa mumewe. Mama mkwe naye akamgeukia mwanawe. Hata muuzaji akamgeukia.

Nafasi ndiyo hiyo, ametengewa kama chakula. Shemeji akajikuna kidevu.

"Yote mazuri," akasema. "Yote yana hoja zake."

"Mwanangu, zulia lina hoja gani?" mama yake akamuuliza.

"Baba Pacha," mdogo wangu akasema taratibu, "anayechagua ni nani?"

Yule bwana akamgeukia muuzaji. "Hamna kitu cha katikati?"

Muuzaji alishawazoea watu wa namna hiyo, hakufikiri mara mbili. Akavuta moja kutoka nyuma kabisa. "Hili hapa, bosi. Rangi tulivu. Haigombani na kochi, haigombani na pazia. Wanaotaka amani nyumbani wananunua hili."

Nikalitazama. Si jeupe, si la kahawia, si la kijivu. Lilikuwa na rangi ya kadibodi iliyonyeshewa ikakauka. Ukilitazama jicho linateleza, linatafuta kitu kingine cha kuona. Lakini shemeji uso ulimng'aa kama amekutana na ndugu yake wa tumbo moja.

"Na ukubwa?" muuzaji akauliza.

"Mama anataka kubwa, mwenzangu anataka dogo. Tupe la wastani."

"Shemeji, sebule umeipima?" nikauliza.

"La wastani halina lawama, shemeji."

Tukarudi nalo nyumbani. Kubwa lingeingia chini ya makochi yote, na dogo lisingegusa hata moja. Hili la mwenye hekima liliishia njiani. Kochi refu likalipanda kwa mguu mmoja, mitatu ikabaki sakafuni, na zulia lenyewe nene kama godoro. Shemeji akakaa upande wa kulia, mama yake upande wa kushoto akapanda juu kama mzigo kwenye mizani.

"Ni kuzoea tu," shemeji akasema.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia, na sauti hakuipandisha.

"Baba Pacha, mama yuko hapa, dada yuko hapa. Sebule hii ni ya nani?"

"Nimewasikia wote," akasema. "Hili suala tulipe muda." Akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akatoka nje akisema haloo. Simu haikuwa imelia. Alipoinuka, mama yake akashuka kwa kishindo.

Nilidhani sasa kumekucha, huyu mama atamrukia mdogo wangu. Akabaki anautazama mlango.

"Umemwona?" akasema. "Wewe unadhani mimi nililitaka lile la maruni? Maua kama ya kwenye jeneza."

"Sasa, mama, si ulilichagua mwenyewe?" mdogo wangu akauliza.

"Siku nilipoleta makochi yangu nilijua atanikataza. Ataniambia, mama, nyumba hii ina mwenyewe. Ningenuna, nisingekula kwake hata wiki, lakini ningejua nimezaa mtu. Kimya. Nikatundika mapazia. Kimya. Nikaendelea kumsukuma nione ataishia wapi. Haishii popote."

"Na mimi ndiye niliyekuwa katikati yenu, mama. Uliyekuwa unamsukuma ni mimi."

"Ni wewe, ndiyo. Na wewe badala ya kunisukuma na mimi, ukawa unamngoja yeye."

Sikulipenda jibu hilo, na sidhani mdogo wangu alilipenda. Huyo mama amemtesa mke wa mtu ili ampime mwanawe, halafu anatoa masahihisho kama mwalimu mkuu. Lakini Mama Pacha akainama, akaanza kuviringisha lile zulia la kadibodi.

"Shika huko," akamwambia mama mkwe, na mama mkwe akashika. Nikainua mguu wa kochi.

Muuzaji alikubali kulibadilisha bila maneno marefu, maana mama mkwe alijaza mlango wa duka, hakuna mteja aliyeweza kupita. La kijani likaja. Siku iliyofuata cherehani ikatoka chumbani ikakaa dirishani sebuleni. Kuhusu mapazia, Mama Pacha na mama mkwe walipigiana kelele kutwa nzima mpaka majirani wakachungulia, lakini jioni walikuwa wamekubaliana.

Na shemeji? Aliporudi siku ile aliyotoka na simu sikioni, alilikuta la kijani limeshatandikwa. Akasema zuri, akauliza chakula. Hakuna aliyemgeukia. Siku hizi shule ya pacha, kodi ya nyumba, mgonjwa wa kwenda kutazamwa, wanaamua wale wanawake wawili, naye anaambiwa pamoja na majirani.

Juzi nilimuuliza mdogo wangu kama bado analingoja lile neno.

"Neno gani?" akasema, akakata uzi kwa meno.

Bwana mwenyewe amenenepa. Watu wanamwambia ndoa imemkubali, anashukuru.